Mkuu, usiweke hiyo dirty_ratio 80

Nimesoma mipangilio unayotaka kuweka ili Linux yako iende kasi. Usiendelee. Futa vm.dirty_ratio=80 (asilimia ya RAM ambayo data isiyoandikwa diskini inaruhusiwa kujaza) na hiyo barrier=0 uliyosema unaiweka kwenye fstab, faili la mipangilio ya diski, leo usiku. Najua umeuliza mengi, swappiness (kiasi cha Linux kuhamisha vitu vya RAM kwenda diskini) iwe ngapi, kashe (data inayowekwa RAM kwa muda) isafishwe kila saa au la, lakini nilipofika kwenye mistari hiyo miwili moyo ulinilipuka. Wa kwanza niliuweka mimi.

Nilikuwa na kompyuta ya RAM GB 16 na diski ya kuzunguka. Jamaa mmoja wa video za mafunzo akaonyesha: dirty_ratio 80, dirty_background_ratio 50, dirty_expire_centisecs 60000. Akakopi faili kubwa huku saa inahesabu, ikamaliza ndani ya sekunde chache. Nikafuata neno kwa neno, na kwangu ikawa vilevile.

Sasa sikia kilichokuwa kinatokea. Ukikopi faili, Linux inaiweka kwanza kwenye RAM, inakwambia tayari, halafu inaandika diskini taratibu. Kwa mipangilio ya kawaida data ikitimiza sekunde 30 inaanza kupelekwa diskini, au mapema zaidi mzigo ukifika asilimia 10 ya RAM inayopatikana. Mimi zile sekunde 30 (dirty_expire_centisecs) nilizifanya dakika 10, na ile 10 (dirty_background_ratio) nikaifanya 50. Diski haikuongeza kasi hata chembe, ni kazi tu iliyoahirishwa.

Siku hiyo nilikuwa na picha za mahafali ya mdogo wangu kwenye memori kadi, kama GB 6. Nikakopi, fasta. Nikafungua mbili tatu kuhakikisha, safi kabisa, kumbe zinasomwa kutoka RAM hiyohiyo. Nikafomati kadi, nikairudisha kwenye kamera, nikaanza kupiga nyingine. Taa ya diski imetulia, wala sikujiuliza kwa nini imetulia. Hata dakika saba hazijapita, umeme ukakatika.

Uliporudi nikafungua folda. Majina yote yapo, kila faili baiti 0. Nilibonyeza moja moja mpaka mwisho. Programu ya kuokoa faili ilinirudishia chache kutoka kwenye kadi; nyingine zina vichwa vya watu juu, na chini yote kijivu kitupu. Zilizobaki nilikuwa nimeshazifunika mwenyewe kwa picha mpya. Mdogo wangu hakunilaumu, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Yule jamaa hakutaja umeme hata mara moja kwenye video nzima. Nilimwandikia chini yake nikieleza yaliyonikuta, akafuta. Mtu unawafundisha watu kuchelewesha kuandika, huwaambii kwamba kilichochelewa kinaweza kupotea? Nina hasira naye mpaka leo.

Na hiyo barrier=0 yako ni mbaya zaidi, maana inaiacha ext4, mfumo wa faili wa Linux, bila kuilazimisha diski iandike kabisa kilichomo kwenye kashe yake ya ndani. Hata programu makini, kama hifadhidata, inayosubiri ihakikishiwe kwamba data imefika, inaweza kuambiwa imefika wakati bado.

Kashe ya kusomea iachie kerneli, yaani kiini cha Linux, ikipotea hakuna hasara, faili lipo diskini. Ya kuandikia usiirefushe kamwe. Ukitaka lazima kuigusa, ishushe: vm.dirty_background_bytes=67108864 na vm.dirty_bytes=268435456, yaani MB 64 na MB 256. Mstari wa kukopi utaonekana kwenda polepole, lakini utakuwa unasema kweli. Na kabla hujafomati kadi yoyote, andika sync kwenye terminali, usubiri mpaka amri irudi.

Jaribu hivi sasa: kopi faili kubwa, kisha andika grep Dirty /proc/meminfo. Hiyo namba ndiyo data itakayopotea umeme ukikatika sekunde hiyo. Iweke hapa tuione.