Bodi za Saketi: Panga kwa Penseli, Kagua kwa Kompyuta

Kwa miaka kadhaa nilichora bodi zangu zote kwa mkono, nikitumia karatasi ya miraba, penseli, na kalamu ya maka ambayo wino wake huikinga shaba isiliwe na feri kloraidi, kemikali inayoyeyusha shaba isiyotakiwa. Siku hizi natumia KiCad, programu ya kompyuta ya kuchora bodi, karibu kila mara, lakini kazi ya kupanga vifaa bado naianzia kwenye karatasi, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeanza.

Kuchora kwa mkono kunakulazimisha kujua kila njia ya umeme inatoka wapi na inakwenda wapi. Kunakufundisha pia, wakati mwingine kwa hasara, kwamba vifaa hukaa upande mmoja na shaba upande wa pili, kwa hiyo kilicho kulia ukitazama upande wa vifaa huwa kushoto ukitazama upande wa shaba. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa ya kushusha volti 12 kuwa 5 kwa kutumia chipu ya kudhibiti volti iitwayo 7805, ambayo ukiitazama usoni mguu wa kushoto huingiza umeme, wa kati ni hasi, na wa kulia hutoa. Nilichora njia juu ya shaba kwa mpangilio huohuo bila kuugeuza, nikaloweka, nikatoboa, nikalehemu. Nilipowasha, umeme uliingilia mguu wa kutokea, na kabla sijaelewa kosa liko wapi, 7805 ilikuwa imekwisha kuharibika. Tangu hapo huchora kwenye karatasi nyembamba kana kwamba naiona bodi kutoka juu, kisha naigeuza kifudifudi juu ya shaba na kudunga kila tundu kwa ncha ya msumari, halafu naunganisha alama hizo kwa maka.

Njia hiyo inatosha kwa saketi ndogo. Nilipofika kwenye ATmega328, chipu ya kompyuta ndogo yenye miguu 28, kuhamisha kapasita moja kulinilazimu kufuta nusu ya mchoro, na hapo ndipo nilipohamia kwenye programu. Nilichagua KiCad kwa sababu ni ya bure na haina kikomo cha ukubwa wa bodi. Iliasisiwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992, na baadaye CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ikachangia kuiendeleza. Faida yake kubwa kwangu ni ukaguzi: hukuonyesha njia zinazokaribiana mno na miguu iliyosahaulika kuunganishwa, makosa ambayo jicho lililochoka usiku halioni.

Hata hivyo, programu huamini ulichoiambia. Ukiweka alama ya transista ya BC547 kisha ukalehemu transista ya 2N3904, miguu yake ya pembeni, kolekta na emita, itakuwa imebadilishana nafasi, na hakuna ukaguzi utakaokuonya. Printa, inayochapa mchoro ambao baadaye huhamishiwa kwenye shaba kwa joto la pasi, nayo ina mtego wake. Safari moja ilipunguza mchoro wangu hadi asilimia 97 ili uenee kwenye ukurasa, nami sikutambua. Safu ya miguu 14 ya ATmega ina urefu wa milimita 33 kutoka mguu wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye bodi ile ilipungua kwa milimita moja nzima, na chipu ikakataa kuingia.

Sasa nachapa kwa asilimia 100, kisha, kabla ya kuwasha pasi ya kuhamishia wino, naiweka chipu yenyewe juu ya karatasi na kuangalia kama kila mguu umeangukia kwenye duara lake.