Jibu: Kwa nini Käthe Kollwitz aliacha rangi

Ndugu mwalimu wa Tabora, umeuliza kwa nini Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani aliyesomea uchoraji wa rangi, aliishia kutengeneza picha za chapa, yaani picha zinazochongwa kwenye bamba au ubao kisha kuchapwa kwa wino kwenye karatasi. Alizaliwa Königsberg mwaka 1867, na mwaka 1891 akaolewa na Karl, daktari aliyewatibu maskini wa Berlin, ambao ndio Käthe aliowachora kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba bamba au ubao mmoja hutoa nakala nyingi za bei nafuu, hivyo picha huwafikia hata wasiomudu mchoro wa rangi. Mfululizo wake kuhusu uasi wa wafumaji, uliooneshwa Berlin mwaka 1898, ulipendekezewa medali, lakini Kaisari Wilhelm wa Pili (ambaye wakati huo himaya yake ilidai hata Kigoma yetu) akakataa. Peter, mwana wa Käthe, aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Oktoba 1914. Chapa saba za ubao alizochonga baadaye kuhusu vita zinaonesha wazazi, wajane na akina mama waliokumbatia watoto, wala hazina adui wa kunyooshewa kidole. Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia, na mwaka 1933 Wanazi wakamlazimisha kujiuzulu.

Wanafunzi wako waanze na ubao laini, patasi ndogo na wino mweusi, wakisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko. Hapa Kigoma masalia ya mbao za mafundi wa boti yanafaa sana. Maandishi yoyote yachongwe kinyume, maana chapa huyageuza.