Kabla hujazidisha kwa tano: kwa mnaoanza tasnifu ya Potosí

Wiki hii nimeletewa rasimu tatu za sura ya pili, zote za Potosí, mji wa migodi ya fedha katika Bolivia ya leo, na mbili zina kosa langu lilelile la zamani. Wadogo zangu, kaeni hapa.

1. "Fedha" ni madini, na ni hela pia. Ukiandika "fedha ya Potosí ilishuka", sijui ni mzigo uliotoka Cerro Rico, mlima wenye migodi, au ni thamani ya sarafu. Amua ukurasa wa kwanza.

2. Mita. Mmoja wenu kaandika "mita 13,000" bila maelezo, nikadhani anapima kina cha shimo. Mita ni zamu ya lazima aliyoipanga Toledo, mwakilishi wa mfalme wa Hispania huko Peru, miaka ya 1570: majimbo 16, mwanamume mmoja katika kila saba, watu kama 13,000 kwa mwaka, wakipanda hadi mji ulio mita 4,000 juu ya usawa wa bahari (hizi ndizo za kupimia). Weka mlazo, basi.

3. Jedwali la hazina. Hapa ndipo nilipozikwa. Mfalme wa Hispania alichukua quinto, humusi ya fedha yote, kwa hiyo ukitaka kujua uzalishaji unazidisha kodi kwa tano. Nikazidisha. Nikazidisha mpaka 1800, nikachora grafu, na tazama: kuanzia 1736 mstari unaporomoka kama umesukumwa. Nilifurahi mno. Niliandika kurasa kumi na moja kueleza anguko hilo: migodi kujaa maji, tauni ya 1719, watu kuhama vijiji vyao ili wasiandikwe mita. Kila sababu ilikuwa ya kweli, ndiyo maana nilijiamini. Mama nilishampigia simu kumwambia nimegundua jambo.

Siku ya kuwasilisha, msimamizi alivua miwani akaifuta taratibu. "Mwaka 1736 mfalme alikuwa anachukua ngapi?"

"Humusi, mwalimu."

Akanyamaza. Nyuma mtu alianza kucheka, akajifanya anakohoa. Mwaka huo ndio kodi ilipopunguzwa kuwa sehemu moja ya kumi. Usiku nikazidisha kwa kumi: uzalishaji haukuanguka kabisa, ulikuwa unaanza kupanda polepole baada ya miongo mibaya. Anguko lilikuwa langu mimi. Na hata hesabu hiyo ni ya fedha iliyosajiliwa tu. Iliyopenyezwa kimagendo kupitia Buenos Aires haikuacha risiti.

4. Peso ensayado (ya kuhesabia tu) ni maravedí 450, peso ya reale nane ni 272; maravedí ni kipimo kidogo cha hela cha Hispania. Soma kichwa cha safu kabla ya kujumlisha.

5. Linganisha fedha na zebaki iliyotoka Huancavelica, mgodi wa zebaki huko Peru. Tangu miaka ya 1570 mawe yalisagwa kwa vinu vya maji, yakachanganywa na chumvi na zebaki ili zebaki inase fedha, kwa hiyo zebaki ikipungua na fedha yako ikapanda, kuna mtu anadanganya, na huenda ni wewe. Aliyewaona wachimbaji wadogo wa Geita wakikamua dhahabu kwenye kitambaa hahitaji kuelezwa zaidi.

6. Msifunge kitabu 1825, Bolivia ilipopata uhuru. Bati lilikuja baadaye, bei yake ikaanguka 1985, serikali ikawaachisha kazi wachimbaji kwa maelfu, na leo vyama vya ushirika bado vinachimba mlima uleule.

Mnauliza rasimu ya tatu ilikwepaje lile kosa? Mwenyewe kaishia 1730.