Kabla hujatundika neti ya ukungu hapa Pemba

Kila wiki kuna kijana ananitumia video za Chile au Moroko, watu wanakinga maji ya kunywa kutoka kwenye ukungu kwa neti, halafu suali ni lile lile, sie hapa unyevu mpaka shati linaganda mgongoni, kwa nini tusitundike na sie? Jamani, unyevu si ukungu. Huo ni mvuke, unapita kwenye neti kama hapana kitu. Neti inakamata vitone vilivyokwisha kuwa maji, vidogo mno, vingi havifiki hata maikroni 40 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na lazima upepo uvisukume. Kule El Tofo, Chile, mlima uko karibu na bahari ya baridi na mawingu yanaupiga, ndo kijiji cha Chungungo kuanzia 1992 kikanywa maji ya neti kwa miaka, wastani lita 3 kwa siku kila mita moja ya mraba. Vilima vyetu havifiki hata mita 150 na bahari yetu ya moto. Alfajiri mabondeni ukungu utauona, lakini upepo hamna, na jua likitoka tu basi tena.

Sasa anayetaka kuunda kifaa asiache, milima ya Bara kama Usambara ukungu upo. Mie najaribia uani, ukungu natengeneza kwa bomba la kupulizia dawa (jipya, lisiloonja dawa hata siku moja!) na feni nyuma yake ndo upepo. Chukua neti ya kivuli ya kawaida uisogelee uitazame: maji yananasa kwenye matundu, kila tundu linajiziba kama kioo, upepo unakosa pa kupita unazunguka pembeni na vitone vyake. Ngoa hio, funga mshipi wa kuvulia, nyuzi za kwenda juu chini tu bila za kukatisha. Kitone kinakutana na mwenzake, kinakuwa kizito, kinateleza mpaka chini. Chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, 2018 walionesha waya za wima namna hii zinakusanya mpaka mara tatu ya neti ya kawaida. Mshipi uwe mwembamba, kwa sababu uzi mnene upepo unaukwepa na vitone vinaufuata upepo. Ila usizibananishe wala usizifanye ndefu sana, zikilowa zinashikana mbili mbili na hapo umerudi kwenye tatizo la matundu.

Mchirizi wa chini watu wengi wanauweka sawasawa na fremu, upepo ukivuma matone yanaangukia nje. Upanue upande wa kule upepo unakoelekea. Na misumari isiwe ya chuma kitupu, chumvi ya pwani itaila, kutu yote unainywa wewe.

Lakini kama shida yako ni maji ya kunywa nyumbani, tuseme uko Micheweni na kisima kina chumvi, wallahi hela ya mwanzo tia kwenye bati la kukingia mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 hapo ni lita 800, toa kidogo zinazoruka na kuvuja, na masika mvua kama hio si ajabu. Maji ya mwanzo yamwage, yana kinyesi cha ndege na vumbi, yanayofuata ndo uyaache yaingie tangini, na ya kunywa yachemshe.