Mtoto wa mbwa mkubwa ale nini, na ale kiasi gani? Maswali na majibu

Maswali ya mwezi huu, kutoka Mombasa na jirani zake, karibu yote yanahusu watoto wa mbwa wa mbegu kubwa: German Shepherd, Rottweiler, Labrador, Boerboel. Mkubwa hapa ni yule ambaye akikomaa atapita kilo 25 hivi. Wengi waliouliza wanahofia kwamba mbwa hashibi. Kwa mbegu hizi hatari iko zaidi upande wa pili, yaani kulishwa kupita kiasi na kukua mbio kuliko mifupa inavyoweza kustahimili.

Nimenunua German Shepherd wa wiki 10. Dukani kuna mfuko wa watoto wa mbwa kwa jumla, wa watoto wa mbwa wakubwa, na mwingine wa mbwa wa umri wote. Kuna tofauti, au ni biashara tu? (Kisauni)

Biashara imo, lakini tofauti ya kweli ipo, nayo ni kalsiamu. Mbwa aliyekomaa akila kalsiamu nyingi, utumbo wake hufyonza kiasi anachohitaji na nyingine hutoka na kinyesi. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6 hivi hana uwezo huo. Ukimpa nyingi, nyingi huingia, na katika mbegu kubwa matokeo yake ni gegedu zisizokomaa sawasawa, miguu ya mbele kupinda, na viungo vya bega au kiwiko kuuma kabla mbwa hajafikisha mwaka.

AAFCO, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya vyakula vya wanyama, kinataka chakula cha mtoto wa mbwa kiwe na angalau asilimia 1.2 ya kalsiamu katika uzito mkavu, yaani uzito wa chakula bila maji yaliyomo. Kwa mbwa ambao wakikomaa watafika kilo 32 au zaidi, isizidi asilimia 1.8. Kwa mbwa wengine wanaruhusu hadi asilimia 2.5. Kwa hiyo mfuko wa "umri wote" unaweza kuwa halali kabisa na bado usimfae mbwa wako. Geuza mfuko, soma maandishi madogo ya nyuma. Unatafuta sentensi inayosema kwamba chakula ni kamili kwa ukuaji, *pamoja na* ukuaji wa mbwa wakubwa. Ikisema *isipokuwa* mbwa wakubwa, urudishe rafuni. Picha ya German Shepherd iliyo mbele haithibitishi lolote.

Ukikuta kiwango cha kalsiamu kimeandikwa, fanya hesabu. Tuseme ni asilimia 1.3, na chakula kina nishati ya kilokalori 3,700 kwa kilo. Asilimia 1.3 ni gramu 13 kwa kilo. Gawanya kwa 3.7, unapata gramu 3.5 kwa kila kilokalori 1,000. Mtoto wa mbwa mkubwa anatakiwa awe kati ya gramu 3 na 4.5, kwa hiyo chakula hicho kinafaa. Angalia tu kama wameandika kiwango cha chini peke yake, maana hapo hujui cha juu ni kipi.

Rottweiler wangu wa miezi 3 anakula sima na nyama ya mapafu, siku nyingine dagaa. Mwenye duka la dawa za mifugo amenipa unga wa kalsiamu wa kumwongezea. Kijiko kimoja kinatosha? (Mtwapa)

Hapa kuna makosa mawili yanayopingana, na watu wengi hutoka la kwanza wakaangukia la pili.

Kosa la kwanza ni sima na nyama zenyewe. Chukua gramu 150 za unga wa mahindi na gramu 250 za nyama isiyo na mfupa. Nishati yake inakaribia kilokalori 1,000, kwa hiyo mbwa atashiba, atang'aa kidogo, na utaona mambo ni mazuri. Lakini kalsiamu iliyomo humo haifiki hata gramu 0.1, na yeye anahitaji angalau 3. Fosforasi nayo ni nyingi: katika nyama hupita kalsiamu takriban mara 20. Mwili hufidia kwa kuchota kalsiamu ya mifupani. Baada ya wiki kadhaa mbwa anachechemea, hataki kuruka, na mfupa unaweza kuvunjika kwa kushuka ngazi tu.

Kosa la pili ni kusikia habari hiyo, ukanunua chakula kamili cha dukani, kisha ukaendelea kutia unga wa kalsiamu juu yake "kwa usalama". Unga wa mifupa ni kalsiamu kama robo ya uzito wake. Vijiko 2 vya chai, gramu 10 hivi, vinaongeza gramu 2.5. Chakula kilichokuwa na 3.5 sasa kinafika 6, na umeshavuka mpaka. Zaidi ya hayo, kalsiamu ikizidi huzuia zinki isifyonzwe, na ngozi ya pua na ya kuzunguka macho hufanya magamba.

Jibu la kijiko, basi: kwa chakula kamili, hata nusu kijiko hakihitajiki. Kwa sima na nyama, kijiko peke yake hakiponyi kitu, kwa sababu vinapungua pia shaba, zinki, ayodini, vitamini D na E. Chakula cha kupika nyumbani kinawezekana, lakini kwa mbwa wa mbegu kubwa anayekua kipangwe na daktari wa mifugo kwa gramu, na kipangwe upya kadiri uzito unavyopanda.

Kama mfuko ni ghali, fanya hivi: sehemu 9 kati ya 10 za nishati ya siku zitoke kwenye chakula kamili, na ile moja iwe cha jikoni. Kwa mbwa anayehitaji kilokalori 1,000, hiyo ni yai moja la kuchemsha na kipande kidogo cha sima. Dagaa wakavu huliwa na mifupa yao, kwa hiyo si sawa na nyama tupu, ila wengi wana chumvi na mchanga. Waloweke maji mara mbili, dakika 20 kila mara, mwaga maji, ndipo uchemshe. Wawe kiungo, wasiwe chakula.

Mlinzi ndiye anayelisha. Anapima kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, asubuhi mmoja na jioni mmoja. Mbwa ana miezi 4, kilo 16. Sawa? (Nyali)

Mkebe ndio tatizo. Mkebe uleule ukijazwa punje kubwa na ukijazwa punje ndogo hauna uzito mmoja, na mkono wa mlinzi wa mchana si mkono wa mlinzi wa usiku. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Pima mara moja, kisha chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkebe huohuo. Hapo hata akija mlinzi mpya, mstari upo.

Kiasi chenyewe kinapatikana kwa simu. Zidisha uzito wake mara tatu wenyewe: 16 × 16 × 16 ni 4,096. Bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili: 64, kisha 8. Zidisha kwa 70, unapata 560. Hizo ndizo kilokalori za mbwa aliyelala tu siku nzima. Anayekua, akiwa na umri wa miezi 4, anahitaji mara 2 hadi 2.5 ya hapo, yaani 1,120 hadi 1,400. Kwa chakula cha kilokalori 3,700 kwa kilo ni gramu 300 hadi 380 kwa siku. Anzia katikati, 340, na uigawe mara 3, si mara 2. Milo miwili ingoje miezi 6. Walio chini ya miezi 3 wale mara 4.

Jedwali la nyuma ya mfuko litakupa namba nyingine, mara nyingi ya juu. Lichukue kama pa kuanzia. Mwamuzi ni mbavu. Nyoosha mkono wako wa kushoto, kiganja chini, upitishe vidole vya kulia juu ya mgongo wa mkono: mifupa inasikika chini ya ngozi nyembamba bila kubonyeza. Mbavu za mbwa ziwe hivyo. Zikisikika kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Zikisikika kama nyama ya kiganja, amenenepa. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane.

Mpime kila wiki: panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Akinenepa, punguza asilimia 10, ungoje wiki moja, uguse mbavu tena. Jirani atasema unamnyima. Mwambie kuhusu utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa mwaka 2002: nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao tangu wakiwa wadogo, wakaishi karibu miaka 2 zaidi, na nyonga zao zikawa nzima kuliko za walioshiba. Ukubwa wa mwisho hupangwa na mbegu ya wazazi. Chakula cha ziada humfikisha mapema tu, tena na viungo vibovu.

Tumbo likiwa kubwa na mbavu zinaonekana, usiongeze chakula kwanza. Mara nyingi hao ni minyoo. Dawa ni kila wiki 2 hadi afikishe wiki 12, halafu kila mwezi hadi miezi 6.

Miguu ya mbele ya mtoto wangu imelegea, kifundo kinainama na vidole vimetawanyika. Nimeambiwa ni upungufu wa kalsiamu. Ana wiki 11, anakula chakula cha mbwa wakubwa. (Changamwe)

Nyumba yako ina marumaru? Kulegea huku hutokea sana kati ya wiki 6 na 16, na sakafu inayoteleza huzidisha. Tandika mkeka wa mpira au zulia kuukuu anapopita, mtoe akatembee kwenye nyasi au mchanga mgumu mara kadhaa kwa siku, mwache chakula kilekile na usimwongezee kalsiamu. Usimfunge bendeji ngumu, misuli italegea zaidi. Wengi hukaa sawa katika wiki 2 hadi 4.

Usingoje wiki hizo kama ana homa, hataki kula, analia ukimshika, au juu ya kifundo kumevimba na kuna moto. Huo ni ugonjwa mwingine. Apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Ni kweli protini nyingi huharibu mifupa? (Bamburi)

La. Ilidhaniwa hivyo zamani, ikajaribiwa kwa watoto wa Great Dane, haikuonekana. Wakosaji ni kalsiamu na nishati iliyozidi. Protini isipungue asilimia 22.5 ya uzito mkavu.

Nanunua kwa kupima, kilo moja moja kutoka gunia lililo wazi dukani, ni nafuu. Juzi amekataa kula. (Kongowea)

Amefanya vizuri. Hewa yetu ina unyevu na joto mwaka mzima, na wakati wa kaskazi duka la mabati huwa tanuri. Mafuta ya punje huchacha, vitamini huisha, na unyevu ukiingia huota kuvu. Kuvu ya mahindi hutoa sumu ya aflatoksini, ileile iliyoua watu zaidi ya 100 Ukambani mwaka 2004, na kuchemsha hakuiondoi. Mbwa ni mnyama dhaifu sana mbele ya sumu hii. Akitapika, akazubaa, ufizi au weupe wa jicho ukawa wa manjano, simamisha chakula, hifadhi kidogo kwa uchunguzi, mpeleke kwa daktari.

Nunua mfuko mdogo uliofungwa, wenye tarehe, utakaoisha ndani ya wiki 4 hadi 6. Uweke mfuko *wenyewe* ndani ya ndoo yenye kifuniko. Usimwage punje moja kwa moja kwenye plastiki, maana mafuta hushika kwenye kuta za ndoo na kuchachisha mfuko unaofuata. Ndoo ikae juu ya ubao, mbali na ukuta wa nje. Unga wa mahindi wenye harufu ya uvundo usimsongee mbwa kwa kuwa "ni mbwa tu".

Mabaki ya biriani na mifupa ya kuku? Na maziwa? (Tudor)

Biriani, hapana: vitunguu na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu, na zabibu za ndani ya wali huweza kuua figo. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka kuwa sindano. Maziwa ya ng'ombe huendesha wengi wakishaachishwa kunyonya. Mtindi, vijiko viwili, huvumilika zaidi.

Boerboel wangu ana miezi 11 na amekuwa jitu. Nimhamishie chakula cha wakubwa? Na kuna mtu kaniambia nimwinulie bakuli. (Likoni)

Bado. German Shepherd na Labrador huhama wakiwa na miezi 12 hadi 15, Boerboel miezi 18 hadi 24, maana mifupa yake inaendelea kukua hata kama umbo limekwisha. Siku ikifika, hamisha kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya, nusu, robo tatu, kisha chote. Akiharisha, rudi hatua moja. Ukimhasi, nishati anayohitaji hushuka kwa asilimia 20 hadi 30, na uzito hupanda kimyakimya.

Bakuli libaki chini. Kuna utafiti uliohusisha bakuli la juu na kujaa gesi na kujipinda kwa tumbo, ugonjwa wa mbwa wenye kifua kirefu kama wako. Mgawie milo miwili au mitatu, asikimbizwe saa moja kabla wala saa mbili baada ya kula. Kwa joto letu, mlo wa kwanza uwe alfajiri. Tumbo likijaa kama ngoma, akawa anajaribu kutapika na hakitoki kitu, ana saa chache tu. Wewe uko ng'ambo ya kivuko, kwa hiyo tafuta leo daktari aliye upande wako anayefungua usiku, uweke namba yake kwenye simu ya mlinzi pia, ili siku hiyo msiwe mnangoja feri.