Mwaridi wa kutambaa: mkasi usubiri kipupwe

Dada wa Paje, nimekusoma. Mwaridi wako wa kutambaa umefika juu ya paa, maua yote yako kileleni, huku chini yamebaki matawi matupu, majani yana madoa meusi na yanapukutika. Sasa unataka kuukata Februari kwa kuwa ndivyo ulivyosoma mahali. Subiri kwanza.

Hiyo Februari ni ya Uingereza. Kule mti umelala kwa baridi, nao wanauwahi kabla haujaamka. Mwaridi wa Unguja haulali. Ukiukata Februari umeukata kaskazi imekaza, jua la utosi na kisima kimepungua, na machipukizi yakishaanza kutoka vizuri masika nayo imeingia. Jani changa likilala limelowa, madoa meusi hayo hapo. Mie nakata masika ikishakatika, kwenye Juni, kipupwe kinapoanza: hewa imepoa, upepo wa kusi unakausha majani upesi, na mti una miezi ya raha mbele yake. Januari, baada ya vuli, natoa tu maua yaliyokauka na vijiti vilivyokufa.

Ila hilo la maua kukimbilia kileleni dawa yake si mkasi, ni kamba. Tawi refu likisimama wima, nguvu yote inakwenda kwenye jicho la ncha, yaani pale panapochipukia, na macho ya chini yanabaki yamelala. Lilaze tawi lile lile ubavuni, karibu lilingane na ardhi, uone: macho yanaamka moja baada ya jingine, kila moja linatoa kitawi, na kitawi hicho ndicho kinachobeba ua. Kwa hiyo matawi marefu yaliyotoka shinani usiyafyeke. Yateremshe kutoka huko paani, uyapinde asubuhi wakati yamejaa maji, leo kidogo na kesho kidogo. Lililozeeka likawa gumu halipindiki, litakuvunjikia. Hilo ndilo la kukata, chini kabisa, lije jipya. Usikate la pili mwaka huo huo. Vitawi vya ubavuni vilivyokwisha kuchanua vifupishe, uache macho mawili au matatu.

Funga kwa kamba ya makumbi, fundo lilegee. Waya unakata ganda tawi linaponenepa, na pale palipokatika ndipo linapoanza kufa. Seng'enge unayofungia matawi nayo usiigandishe ukutani. Acha nafasi ya kupita kiganja ili nyuma pawe na hewa.

Madoa meusi ni kuvu. Tone la mvua linapiga jani bovu lililoanguka chini, linairusha kuvu juu, na jani zima likikaa limelowa saa saba hivi limeshaambukizwa. Ndiyo maana yanaanza chini na kupanda. Fagia majani yote uyachome, usiyatie kwenye mboji. Mwagilia shinani, asubuhi, na uache ile tabia ya kuuogesha mti kwa mpira wakati wa magharibi. Salfa ya unga inasaidia, zaidi kwa ubwiri unga wa kipupwe, ile kuvu nyeupe kama unga juu ya majani, lakini joto likifika nyuzi 30 usiipige, inaunguza majani. Kaskazi utapambana na utitiri: geuza jani, ukiona kama vumbi linatembea na utando mwembamba, ndio wenyewe. Piga maji ya nguvu chini ya majani, alfajiri, siku tatu mfululizo. Na kama maua yako yanaingia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia, dawa za dukani achana nazo kabisa. Hayo yanakwenda puani kwa watu.

Sasa udongo, maana Paje mko juu ya jiwe. Ukiona majani machanga yanakuwa manjano na mishipa imebaki kijani, hayo si madoa wala si kiu. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, chuma kimo lakini mti unashindwa kukipata. Jirani atakwambia mwaga jivu. Usimwage, linazidisha balaa lile lile. Tia samadi iliyooza na mboji, utandaze majani makavu ya miti mingine juu yake. Siku ukipanda mwengine, chimba shimo pana ulijaze udongo wa kinongo, ule mwekundu, na usiubane na ukuta, hasa ukuta wa mawe na chokaa. Mwani mnaoutupa pwani huko ni mbolea nzuri, lakini uache kwanza upigwe na mvua ya masika nzima chumvi itoke. Na maji ya kisima yakianza kuonja chumvi kaskazi, kingo za majani zitaungua. Maji ya mvua yaliyobaki tangini wekea mwaridi.

Kwa harusi za Mfungo Mosi, fupisha vitawi wiki sita au saba kabla. Wakati wa joto maua huwahi, ila huwa madogo na hupukutika haraka.

Jambo moja bado linanitia shaka. Miche mingi ya kununua imebebeshwa juu ya shina la mwaridi mwengine. Pengine kinachopanda paani ni maotea ya lile shina la chini, au ni aina ile inayochanua mara moja tu kwa mwaka na inayotaka baridi ambayo sisi hatuna. Fukua kidogo pale chini, uangalie tawi hilo limetoka juu ya kovu la kubebeshea au chini yake. Likiwa la chini, ling'oe kwa mkono kutoka mzizini, maana ukilikata litarudi. Piga picha ya hapo uweke, tuone.