Maswali ya Wasomaji: Mmea gani utahimili meno ya mbuna?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu sana. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120 na ujazo wa lita 240, ambamo ninafuga mbuna 14 wa Ziwa Nyasa. Wapo wa njano, wapo wa buluu wenye milia, na wapo wawili wa kahawia ambao ni wakorofi kuliko wote. Mwezi uliopita nilinunua mimea hai yenye majani laini yaliyochanikachanika kama ya karoti, na muuzaji akanihakikishia kwamba huota katika tangi lolote. Kufikia siku ya nne mashina yote yalikuwa yanaelea juu, yamebaki vijiti vitupu, na vipande vya majani vimeziba kichujio. Je, nikubali yaishe na kuweka mimea ya plastiki, au upo mmea hai unaoweza kuishi na samaki hawa?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara, lakini usikimbilie plastiki bado. Mimea uliyouziwa haikuwa mibovu, ila ilipelekwa kwa samaki ambao haiwezi kuishi nao hata wiki moja. Kabla sijataja majina ya mimea naomba tuwatazame kwanza mbuna wenyewe, kwa sababu mfugaji asiyejua samaki wake huuharibu mmea kwa njia gani atarudi dukani kila mwezi.

Mbuna ni wa jamii ya sikilidi, jamii moja na sato na perege tunaowala, nao huishi katika miamba ya kandokando ya Ziwa Nyasa, ambako wengi wao hula kwa kukwangua mwani uliotanda juu ya mawe. Kaa mbele ya tangi lako jioni umtazame mmoja anapokula: hukaribia jiwe kwa pembe, hulibana kwa midomo, kisha hutikisa kichwa na kurudi nyuma. Sasa fikiria jani lililokaa chini ya taa kwa wiki mbili na kupata utando mwembamba wa mwani. Kwa mbuna, jani hilo ni jiwe jingine tu. Likiwa gumu, mwani hutoka na jani hubaki. Likiwa laini, vyote viwili huondoka kwa pamoja. Tena wapo mbuna ambao hula jani lenyewe kwa kulipenda.

Kukwanguliwa si hatari pekee. Dume anapojiandaa kuzaliana na jike huchimba shimo mchangani, wakati mwingine hadi kwenye kioo cha chini, na chochote kilichoota ndani ya eneo lake hung'olewa. Kwa hiyo, katika tangi la namna yako, mmea wa kuanzia ni ule wenye jani gumu na usiohitaji mchanga kabisa.

Mmea huo kwa maoni yangu ni anubiasi, hasa ule ambao wataalamu huuita Anubias barteri, wenye asili ya Afrika Magharibi. Jani lake ni nene na zito kama ngozi iliyotengenezwa. Ukiwa dukani, likunje kidogo kwa kidole gumba uliachie: jani zima hurudi mahali pake bila kuacha alama. Halafu geuza mmea ulitazame shina lake nene linalotambaa, ambalo mizizi hutokea upande wa chini na majani upande wa juu. Likiwa gumu na la kijani, nunua. Likibonyea au likitoa harufu ya uozo, liache hata ukipunguziwa bei. Wapo wa aina ndogo sana ambao hupendeza macho, lakini kwa mbuna 14 ningechagua wenye shina refu na majani kuanzia saba, kwa sababu mmea mdogo husukumwa huku na huko kabla haujashika.

Kosa linalowaua anubiasi wengi ni kuwafukia. Shina hilo likizikwa mchangani huoza. Lifunge juu ya jiwe kwa uzi wa pamba au kwa mshipi wa kuvulia samaki, ukizungusha mara nyingi bila kukaza hadi kukata. Unaweza pia kutumia supagluu ya ute mzito: kausha jiwe, weka matone mawili matatu, bana shina kwa nusu dakika, kisha rudisha vyote majini. Gundi hiyo hukauka ikigusana na maji, na ikishakauka haiwadhuru samaki. Mizizi huchukua wiki kadhaa kulishika jiwe barabara, na katika kipindi hicho usiuguse mmea hata kama umekaa upande.

Mahali pa kuliweka jiwe hilo ni jambo ambalo wengi hulipuuza, nami nalitilia mkazo. Anubiasi hukua polepole sana, na jani lake huweza kukaa miezi mingi. Likikaa chini ya mwanga mkali huota mwani, na mwani ndio unaomwita mbuna. Liweke ubavuni mwa jiwe kubwa, penye kivuli, na taa iwake kwa saa nane tu kwa siku. Kivuli hicho kitaulinda mmea wako kuliko uzio wowote.

Ukishafanikiwa na anubiasi, ongeza kangaga la Java, ambalo kwa asili hutoka Asia ya Kusini-Mashariki na hufungwa juu ya jiwe au gogo kwa njia ileile. Samaki wengi huonja jani lake mara moja na kuliacha. Usishtuke ukiona madoadoa meusi yamejipanga chini ya jani, wala vijimea vidogo vikichipuka kwenye ncha zake, kwa kuwa hivyo ndivyo kangaga linavyozaana.

Mmea wa tatu ni valisineria, wenye majani marefu kama utepe, nao una haki ya kuwa katika tangi lako kuliko mingine yote kwa sababu huota ndani ya Ziwa Nyasa lenyewe. Maji ya ziwa hilo yana alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ikiwa kati ya 7.8 na 8.6, na katika maji ya namna hiyo hewa ya kaboni dioksaidi iliyo huru ni haba. Mimea mingi ya madukani hudhoofika hapo, lakini valisineria huweza kuchukua kaboni kutoka katika bikaboneti iliyoyeyuka majini. Udhaifu wake ni kwamba lazima upandwe. Tumia vyungu vidogo vya udongo, jaza mchanga, panda miche mitatu katika kila chungu huku maungio ya mizizi na majani yakibaki juu ya mchanga, kisha funika kwa kokoto kubwa zisizoweza kubebwa mdomoni. Majani ya zamani huweza kuyeyuka wiki za kwanza, lakini usiing'oe, maana mapya yatachipuka kutoka chini. Ukiweza, ikuzie katika ndoo isiyo na samaki hadi isambae. Nasema wazi kwamba hata hivyo mbuna wako wa kahawia wanaweza kuila, ndiyo maana sikuiweka ya kwanza.

Siku ya kuingiza mimea, panga upya mawe yote ili kila dume apoteze mipaka yake ya zamani, na uzime taa hadi kesho yake. Hakikisha mawe makubwa yamekaa juu ya kioo cha chini na si juu ya mchanga, kwani samaki wakichimba chini yake yataanguka. Wape pia mchicha uliochovywa katika maji ya moto mara mbili kwa wiki; mbuna aliyeshiba majani hupunguza hamu ya kutafuta mengine.

SWALI: Mimi nafuga sikilidi wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Je, naweza kuchukua mimea moja kwa moja ziwani badala ya kununua?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Samaki wako ni wapole kwa majani, kwani hawali mimea. Ila huchimba mchanga mchana kutwa kuzunguka makombe yao, hivyo anubiasi juu ya jiwe itakufaa, na valisineria ikae kwenye kona iliyo mbali na makombe. Kuhusu kuchukua ziwani, ni kweli kwamba valisineria huota humo, lakini sikushauri. Konokono wa majini wanaojificha katika majani wanaweza kubeba vimelea vya kichocho, na mkono wako utakuwa ndani ya maji ya tangi hilo kila wiki. Nunua miche iliyokuzwa katika matangi, uisuuze, ukague chini ya kila jani na kuondoa konokono na mayai yao. Gugumaji usilichukue kabisa, hata likionekana zuri likielea, na mabaki ya mmea wowote yakaushe juani kabla ya kuyatupa jalalani, mbali na mto na ziwa.